Kadi ya Bibi na Nyumba ya Kaunti

Katika mabaraza yetu, pesa za Inua Jamii zinapotajwa, mazungumzo huchukua njia moja. Atatajwa mama fulani wa mtaa wa pili ambaye mwanawe yuko Doha, ana friji na makochi mapya, na bado kila malipo yanapotangazwa huonekana foleni pamoja na wasio na kitu. "Huyo naye ni masikini?" huulizwa. Mwengine ataapa kwamba jina lake liliingizwa kwa kujuana. Baraza litacheka, kahawa itamiminwa, na jambo litaishia hapo.

Halifai kuishia hapo, kwa sababu aghalabu mama huyo hana kosa lolote. Tangu mwaka 2018 ruzuku ya wazee hapa Kenya hutolewa kwa kila raia aliyetimiza umri wa miaka 70 na ambaye hapokei pensheni. Haiulizi makochi wala haimwulizi mtoto aliyeko Ughaibuni. Kabla ya hapo mpango ulilenga wazee wa miaka 65 na zaidi katika kaya fukara, na kamati za mitaani ndizo zilizosaidia kuamua nani fukara na nani si fukara. Mwenye kuishi mtaani anajua uamuzi wa namna hiyo huelemea wapi: kwa shemeji wa mjumbe, kwa jirani wa chifu, kwa aliye karibu na mlango. Kuitoa ruzuku kwa umri peke yake kulipunguza nafasi ya upendeleo. Umri husomwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho hakina shemeji.

Kwa hivyo mama mwenye mwana Doha anachukua stahiki yake. Akipenda kumpa jirani yake aliye dhiki, hiyo ni sadaka yake na malipo yake yako kwa Mola wake. Sisi tunaomsengenya tumekuwa tukimtafuta mwizi katika nyumba ambayo hakuibwa kitu, na tumeziacha nyumba nyengine, pengine hata zetu.

Tuutazame kwanza mpango wenyewe. Inua Jamii ni jina la pamoja la ruzuku tatu. Ya kwanza kuanza, mwaka 2004, ni ile ya mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ambayo hupokewa na mlezi wao. Na katika miji yetu ya Pwani mlezi huyo mara nyingi ni nyanya. Baadaye ikaja ya wazee, kisha ya watu wenye ulemavu mkali. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zilikuwa zikilipwa za miezi miwili kwa pamoja, yaani 4,000. Walio katika orodha nchi nzima ni zaidi ya watu milioni moja. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 66 kwa siku. Mama anayepika anajua 66 hufika wapi. Kiwango hicho kimesimama pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali unga, mafuta na nauli ya matatu havikusimama nacho.

Pesa hizi si hisani ya kiongozi yeyote, ingawa wakati wa kampeni utadhani zinatoka mfukoni mwa mtu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na haki ya hifadhi ya jamii, na inailazimu serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinahusu wazee peke yao. Kinasema waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Jamaa wametajwa pamoja na serikali katika sentensi moja. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo tunapoendelea.

Dhuluma ya kwanza ni ya mlangoni, nayo humpata mzee kabla hajaonja shilingi moja. Usajili mkubwa wa wazee wa miaka 70 ulifanywa mwaka 2017. Waliotimiza umri huo baadaye walingoja miaka mingi, kwani usajili mpya wa maana haukuja hadi mwaka 2023. Katika miaka hiyo bibi aliyezaliwa miezi michache nyuma ya dada yake alimwona dada akipokea, naye hana. Wengine walifariki wakingoja. Hata waliokuwa ndani ya orodha walipata kukaa miezi kadhaa bila malipo, wakakopa dukani kwa ahadi ya "pesa za serikali zikiingia", na zilipoingia zikaenda zote kwa mwenye duka.

Kisha kuna kitambulisho chenyewe. Bibi zetu wengi walizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, wakaolewa mapema, na hawakuwahi kuhitaji karatasi mpaka pale waume walipoondoka. Familia za Waislamu wa Pwani zinazijua safari za kuulizwa hati za babu na za baba wa babu, kwa sababu tu ya jina au sura. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa vizazi kadhaa bila uraia, hadi walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka 2023. Ajuza wa Kipemba aliyetimiza miaka 70 mwaka 2018 hakukosa ruzuku kwa kuwa na makochi mazuri. Kwa vitabu vya serikali, hakuwa mtu wa nchi hii.

Na hata mwenye kitambulisho, kuna mashine ya alama za vidole. Mkono uliosuka makuti miaka arubaini, ukakuna nazi na kufua nguo za watu kwa sabuni ya kipande, ngozi yake imelainika ikapoteza mistari. Mashine humkataa. Huambiwa arudi kesho, au aende makao makuu ya kaunti ndogo, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi imekwisha kumla siku kadhaa za ruzuku yake kabla hajaipata. Hapa hakuna aliyeiba, lakini haki imepotea, na anayepoteza ni yule mwenye nguvu chache za kudai.

Sasa tuingie ndani ya nyumba zetu.

Mpango unaruhusu mzee asiyejiweza awe na mtu wa kumpokelea. Ni ruhusa ya huruma, na bila hiyo wengi wa waliolala vitandani wasingepata chochote. Lakini ruhusa hiyo ndiyo tundu ambalo panya wengi hupitia. Kadi ya bibi hukaa kwa mjukuu wa kiume, naye ndiye ajuaye nambari ya siri. Siku ya malipo hutoka asubuhi na kurudi jioni. Bibi huletewa 1,500 na kuambiwa kwamba "wamekata". Ni nani aliyekata, haielezwi. Mwezi mwengine huambiwa pesa hazikuingia. Yeye hawezi kusoma ujumbe wa simu, na simu yenyewe iko kwa mjukuu. Akilalamika huambiwa amezeeka, anasahau. Nyumba yote husikia na hunyamaza, kwa sababu kijana huyo ndiye anayemnunulia mama yake gesi, au kwa sababu hakuna apendaye ugomvi ndani ya jamaa.

Wapo wanaotoa hoja, nayo si ya kupuuzwa. Husema: bibi anakula kwetu, analala kwetu, dawa zake twanunua sisi, je, ruzuku ikiingia katika chungu cha nyumba ni dhuluma? Jibu langu ni kwamba yategemea ni nani aliyeamua. Mzee akisema kwa ulimi wake, "Chukueni mtie katika unga," basi ametoa mali yake, na nyumba imebarikiwa kwa mkono wake. Lakini mali ni yake mpaka aseme. Kumtunza mama mzazi ni wajibu wetu hata angekuwa hana senti, na wajibu haulipwi kwa kutia mkono katika mfuko wa unayemtunza. Zaidi ya hayo, bibi mwenye shilingi 500 za kwake chini ya mto si bibi yule yule asiye na kitu. Humpa mjukuu peremende, huchangia arusi ya jirani, hutuma kununuliwa tambuu bila kuomba ruhusa. Nyumba yenye bibi kama huyo huzungumza naye kwa sauti nyengine.

Wanawake wasomaji wa gazeti hili wana nafasi hapa ambayo chifu hana. Nyinyi ndio mnaomwosha bibi, mnaomlisha, mnaojua alikula nini na alilia lini. Kumwuliza faraghani, "Nyanya, mwezi huu ulipata ngapi?" hakuhitaji cheo. Na jibu likiwa halieleweki, mtu anayempokelea anaweza kubadilishwa. Mwenye ruzuku, au jamaa kwa niaba yake, huliwasilisha jambo hilo kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Ni haki yake kuchagua binti badala ya mjukuu, au mkaza mwana badala ya binti, hata kama wakubwa wa nyumba watanuna.

Nje ya nyumba kuna dhuluma ndogo ndogo ambazo tumezizoea hata tumezipa majina mazuri. Mzee huombwa "ya soda" ili fomu yake isikae chini ya nyengine. Wakala hutoza "ya karatasi". Mwenye kusaidia kujaza jina hurudi siku ya malipo kuchukua "zawadi" yake. Mafundisho yetu yalilizungumza jambo hili zamani sana. Maimamu Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea habari ya Ibnul-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kukusanya sadaka. Aliporudi alizitenga mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alikasirika, akapanda juu ya mimbari, na maana ya swali lake ilikuwa hii: lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingemfuata huko? Kipimo hicho chatosha kwa kila chifu, wakala na mjumbe wa kamati. Chatosha pia kwa mjukuu mwenye kadi.

Na kuna wafu. Mzee akifariki, ruzuku yake hukoma. Haiingii katika mirathi na haigawanywi. Lakini kadi ingali kabatini na nambari inajulikana, na serikali iko mbali. Baadhi ya nyumba huendelea kupokea miezi kadhaa, zikijiambia kwamba serikali yenyewe haina hasara. Hasara ipo na ina anwani. Kwa kuwa idadi ya wapokeao hufungwa na bajeti, jina la marehemu lisipofutwa huwa limekalia kiti cha ajuza aliye hai ambaye yuko nje ya mlango tangu juzi. Kutoa taarifa ya kifo kwa naibu wa chifu ni miongoni mwa deni za marehemu, na liwe katika orodha ile ile ya kulipa madeni yake na kutekeleza wasia.

Yaliyo katika kadi yapo vile vile katika nyumba, ila kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa kuwa nyumba haigawiki kwa shilingi.

Mombasa ina mitaa ya nyumba za umma ambayo kila mkaazi anaitaja bila kufikiri: Mzizima, Khadija, Tom Mboya, Changamwe, Likoni, na Buxton ambayo nyumba zake kongwe zimekwisha kubomolewa ili kujengwa ghorofa mpya. Nyumba hizi zilikusudiwa wafanyakazi na watu wa kipato kidogo, kwa kodi iliyo chini ya ile ya soko. Na hapo ndipo fitina ilipoanzia. Tofauti kati ya kodi ya kaunti na kodi ya soko ni pesa, na palipo na pesa isiyo na mwenyewe hutokea wa kujifanya mwenyewe. Mtu huandikiwa nyumba, hajawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja, na humpangisha mwengine kwa mara kadhaa ya kile anacholipa. Mpangaji huyu wa pili ndiye mfanyakazi wa kipato kidogo aliyekusudiwa tangu mwanzo. Anaishi katika nyumba ya umma, analipa kodi ya soko, na hana karatasi yoyote mkononi. Siku ya kubomolewa, fidia na ahadi ya nyumba mpya humwendea yule ambaye jina lake liko kitabuni.

Na kitabuni, jina mara nyingi ni la mume.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu hulikosea. Mume akifariki, ndugu zake hukaa kikao na kuizungumzia nyumba ya kaunti kama nyumba ya urithi: huyu thumuni, hawa mafungu yao. Lakini marehemu hakuacha nyumba. Nyumba ni ya kaunti, naye alikuwa mpangaji. Mali yake mwenyewe, fanicha zake, akiba yake na madai yake kazini, hizo ndizo tarika, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kuzigawanya. Nyumba isiyo yake hairithiwi. La kujadiliwa na ofisi ya nyumba ni nani aendelee kuwa mpangaji, na mjane anayeishi humo na watoto ndiye mwenye hoja nzito kuliko shemeji anayeishi Malindi.

Tatizo ni saa. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, na katika muda huo huo shemeji aweza kwenda ofisini na barua, au deni la kodi aliloliacha marehemu likakua mpaka ikaja ilani ya kutolewa. Wengi hudhani kwamba eda inamfunga asijibu. Wanazuoni wengi wamemruhusu mwenye eda ya kufiwa kutoka mchana kwa haja, na kuulinda mlango wa watoto wake ni haja. Asipoweza kwenda, amtume mtu anayemwamini na barua yake, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na risiti za kodi. Risiti hasa. Mwanamke ambaye miaka yote alimpa mume pesa za kodi akenda kulipa yeye, na risiti zikaandikwa jina la mume, hana ushahidi kwamba alilipa. Jambo hili hurekebishwa mume akiwa hai na mapenzi yakiwapo. Ni kuomba tu jina la pili liandikwe.

Nchi imekwisha kufunzwa haya mara nyingi. Kule Nairobi, mwanzo wa miaka ya 1990, Nyayo Highrise ilijengwa kando ya Kibera, na ilitarajiwa kuwa ya watu wa Kibera. Waliokaa humo hatimaye ni watu wa tabaka la kati. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki, hapo hapo Kibera, zilihamishiwa majumba ya muda ya Lang'ata, ambako familia ziligawana jiko na choo katika nyumba moja. Baadhi walipangisha vyumba vyao wakarudi vibandani, na magazeti yakawaita wadanganyifu. Mimi siwezi kuliafiki jina hilo kwa wote. Mama anayeuza samaki wa kukaanga mlangoni pake, ukimweka ghorofa ya nne umemnyang'anya duka. Akipangisha chumba ili apate mtaji, amepiga hesabu ambayo aliyechora ramani hakuipiga. Kumtia yeye kapu moja na karani aliyejiandikia nyumba tatu kwa majina ya shangazi zake ni dhuluma juu ya dhuluma.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imejaribu kuziba baadhi ya mianya hii. Mtu mmoja hupewa nyumba moja, na aliyepewa hawezi kuiuza bila idhini ya bodi. Nyumba za jamii zimetengewa wenye mapato yasiyofikia shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu wenye 20,000 hadi 149,000. Gharama zake tunazilipa sote. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, na sheria inataka hata mapato yasiyo ya mshahara yachangie. Suala la riba katika malipo ya awamu ni pana, nalo lastahili makala yake.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji kungoja fatwa. Usajili wa Boma Yangu hufanywa kwa kitambulisho cha mtu, si kwa kitambulisho cha mume wake. Mama muuza viazi karai, fundi wa nguo, mtalaka anayelea watoto watatu chumba cha kupanga Majengo, kila mmoja aweza kuwa na jina lake mwenyewe. Wengi wao wanalipa tayari, katika bei ya kila kitu wanunuacho kwa mwajiri aliyekatwa. Wasiojua hilo ni wengi, na wanaojua hutangulia. Jumamosi hii, kijana wa nyumbani mwenye simu na mtandao amkalishe mama yake, amsajili, na ampe nambari ya siri aiandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, katika daftari lake.